Mlango Ulioniletea Mvua Kitandani

Hii nimeiandika badala ya kurekodi. Nilijaribu kuiongea mbele ya kamera mara tatu na kila mara naishia kupiga kelele, na majirani wa hapa bado hawajanizoea. Kwa hivyo leo ni kusoma tu. Ni ndefu. Tafuta chai.

Aprili mwaka juzi, saa kumi alfajiri, niliamka mgongo ukiwa baridi. Nilikuwa nalala kwa godoro chini, kama wasee wengi wenye wamehama nyumbani juzi. Kitanda kingekuja pesa zikija. Nikadhani ni jasho. Nikageuka, nikasikia chubwi, nikawasha tochi ya simu. Sakafu yote ilikuwa inang'aa. Ndala zangu zilikuwa zinaelea kuelekea jikoni kama zinaenda kutafuta chakula.

Si paa lilikuwa linavuja, maana mimi nilikuwa orofa ya nne na juu yangu kulikuwa na zingine mbili. Si bomba limepasuka. Maji yalikuwa yanaingia polepole, bila haraka na bila aibu, chini ya mlango wa balkoni. Na huo mlango ndio ulifanya nichukue hiyo keja. Mlango wa kioo mrefu, vipande viwili vinavyofunguka kwa ndani kama kabati, ule wanaita mlango wa Kifaransa. Nyumba za upande wa nyuma, zenye dirisha la kawaida, zilikuwa na kodi ya chini kwa elfu tatu. Mimi nikalipa hizo elfu tatu kila mwezi kwa sababu mwanga wa asubuhi ulikuwa unatokea poa kwa video.

Godoro lilikauka baada ya wiki moja. Laptopu ilikuwa kwa stuli, ikapona. Lakini kando ya godoro, karibu na waya ya ekstenshoni, nilikuwa nimeacha hadi diski. Ndani kulikuwa na kazi yangu ya miaka miwili. Hiyo ningelia siku mbili nikasahau. Pia kulikuwa na dakika arobaini za shosho yangu akinieleza vile walihamishwa na kurundikwa kwa vijiji vya Hali ya Hatari mwaka wa 1954, yeye akiwa msichana mdogo. Nilimrekodi Desemba. Februari akatuacha. Nilikuwa nimejiambia nitaiweka mahali pengine salama nikipata nafasi.

Nilipompigia mwenye nyumba, jibu lake lilikuwa moja: "Kijana, ulisahau kufunga mlango."

Nilikuwa nimeufunga. Nilikuwa nimeufunga na nikazungusha ufunguo mara mbili. Hiyo sentensi yake ndiyo ilinifanya nianze kusoma historia ya milango, kitu sikuwahi kudhani nitafanya maishani. Mnajua niliacha chuo mwaka wa pili. Kozi ilikuwa ya ujenzi, na karo ilikata kabla hatujafika kwa milango.

Sasa twende Ufaransa.

Kwa Kifaransa mlango huu unaitwa porte-fenêtre, yaani mlango-dirisha. Jina linasema kila kitu. Ni dirisha lililoshushwa mpaka chini ili mtu apite. Wazo la nyumba iliyojaa mwanga, vipimo vinavyolingana kulia na kushoto, milango mirefu inayotazama bustani, Wafaransa walilipenda Italia. Mfalme Charles wa Nane aliivamia Italia mwaka wa 1494, na aliporudi nyumbani alikuja na mafundi wa Kiitaliano. Vita ikaisha, ladha ikabaki. Wakati huo taa ni mshumaa, na mshumaa ni pesa. Ukitaka kuona chumbani mchana, lazima ufungue ukuta.

Halafu kuna Versailles. Hapa ndipo nilikasirika kabisa, kwa njia nzuri.

Mmeona picha za ule Ukumbi wa Vioo. Dhahabu, taa za kuning'inia, madirisha marefu 17 yanayotazama bustani, na ukuta wa ndani wenye matao 17 yaliyojaa vioo 357. Kiswahili kinatubania hapa, kwa sababu kioo ni kile unaona kupitia na kioo ni kile unajiona ndani, lakini pale Versailles vilikuwa vinatazamana hivyo, kwa hivyo acha tu. Watu huongea juu ya utajiri wa Louis wa Kumi na Nne na hawaulizi kwa nini ukumbi ule ulijengwa mahali pale.

Mahali pale palikuwa na balkoni.

Ukweli mtupu. Msanifu wa kwanza, Louis Le Vau, alikuwa ameacha uwazi mkubwa katikati ya jumba, kati ya vyumba vya mfalme upande mmoja na vya malkia upande mwingine, ukitazama bustani. Kwa karatasi ilikuwa poa. Lakini Versailles si Italia. Mvua inapiga, upepo unapiga, baridi inapiga, na mahali pa kupumzika pakawa mahali pa kukimbia. Haikuchukua miaka mingi wakaamua kupaondoa. Msanifu aliyefuata, Jules Hardouin-Mansart, akafunika nafasi yote kwa ukumbi. Kazi ilianza 1678, ikaisha 1684. Kile chumba maarufu kuliko vyote Ulaya kilianza kama suluhisho la balkoni isiyofaa kwa hali ya hewa ya kwao.

Na mwaka huo huo wa 1684, mashine kubwa ya Marly yenye magurudumu 14 ilikuwa imekamilika, ikisukuma maji kutoka mto Seine kwenda juu, kwa ajili ya chemchemi za bustani za mfalme huyo huyo. Jamaa anakimbia maji kwa balkoni na anayatafuta kwa bustani. Sisi Nairobi tunaelewa. Mfereji umekauka wiki mbili na sebule imefurika.

Kabla hujaniuliza hii inatuhusu nini: Juni 28, 1919, ndani ya ukumbi huo, ndipo Ujerumani ilitia saini mkataba wa kumaliza Vita vya Kwanza vya Dunia na kupoteza makoloni yake. Sehemu kubwa ya Afrika Mashariki ya Kijerumani ikawa Tanganyika chini ya Waingereza. Mababu zetu waliobebeshwa mizigo ya jeshi la Waingereza katika vita hiyo walikuwa wa Carrier Corps, na ulimi wetu ukafanya jina hilo kuwa Kariokor. Ukienda kula nyama Kariokor, unakula ndani ya jina la vita ambayo iliandikiwa mwisho pale balkoni ilikuwa. Sina zaidi ya kusema hapo, nilitaka tu mjue.

Turudi kwa mlango. Swali lililonisumbua ni hili: Wafaransa walikaaje na mlango unaofunguka ndani kwa miaka yote hiyo na mvua yao yote?

Fikiria upepo. Mlango unaofunguka nje, upepo ukipiga, unaubana zaidi kwenye fremu yake. Raba zinakaza. Mlango unaofunguka ndani, upepo huo huo unausukuma utoke kwa fremu. Raba zinaachia. Kwa hivyo dhoruba inakuwa mgeni anayejifungulia. Waingereza walipenda kufungua madirisha nje. Wafaransa walifungua ndani kwa sababu nje kulikuwa na mlango mwingine: vile vibao vya mbao vya kufunika dirisha lote, ambavyo mpaka leo utaona kwenye nyumba nyingi za huko. Huwezi kufungua kioo kwa nje kama kuna vibao pale. Na mvua ikija, unafunga vibao. Mvua inapiga mbao. Kioo kinakaa nyuma kikiwa kikavu.

Maseremala wao hawakuishia hapo. Pale vipande viwili vinapokutana katikati, waliviunganisha kwa kufanya kimoja kiwe na mgongo wa mviringo na kingine kiwe na shimo la mviringo la kuupokea. Mgongo wanauita kondoo, shimo wanaliita mdomo wa mbwa mwitu. Mlango ukifungwa, mbwa mwitu anameza kondoo na upepo haupiti. Chini ya kila kipande waliweka ubao ulioinama, wa kutema maji mbele, ukiwa na mfereji mdogo uliochongwa kwa chini ili tone lisijipenyeze kurudi ndani. Kile kipande cha chini cha fremu kiliinuliwa juu ya sakafu. Nimeangalia mlango wa keja yangu nikitafuta hata kimoja kati ya hivi. Nilikuwa na kioo, bawaba na tamaa ya Ufaransa. Basi.

(Aside kidogo: mwaka wa 1798 serikali ya Ufaransa ilianza kutoza kodi kwa kila mlango na kila dirisha la nyumba, na haikuifuta mpaka 1926. Uingereza ilikuwa na kodi yake ya madirisha kutoka 1696 mpaka 1851, na watu waliziba madirisha kwa matofali kuikwepa. Msiiambie KRA.)

Lakini ningeweza kuanza hadithi hii nyumbani, na nikajilaumu kwa nini sikuanza hapo. Nenda Lamu, au Mji Mkongwe Unguja, utazame mlango. Sote tumepiga picha mbele ya hizo nakshi tukajifanya tumesoma. Vipande viwili, mbao nzito. Katikati, pale vinapokutana, kuna mti uliochongwa unaofunika ule ufa. Unaitwa mfaa. Wengi hudhani ni urembo. Ni urembo, lakini pia umelala juu ya mwanya wote kutoka juu mpaka chini. Kondoo na mbwa mwitu wa Wafaransa, na mfaa wa Waswahili, ni jibu moja kwa swali moja, kila mmoja kwa mkono wake.

Chini kuna kizingiti cha kweli, kile unainua mguu kuvuka. Mlango wenyewe mara nyingi uko juu ya barabara, unapanda ngazi. Lamu, mbele ya mlango kuna daka, kibaraza chenye paa ambapo mgeni anangoja, na mvua inaishia hapo kabla haijafika mbao. Na zile baraza za mawe kando ya kuta, pale wazee wanakaa jioni, mvua kubwa ikijaza vichochoro vya Mji Mkongwe watu hutembea juu yake kama njia. Watu wa Pwani walijenga kwa mawe ya matumbawe na boriti za mikoko, vitu ambavyo maji yakiingia na kukaa vinaoza au kumong'onyoka. Hawakuwa na nafasi ya kucheza.

Hata Wajapani. Nyumba zao za zamani zilikuwa na milango ya karatasi. Karatasi! Lakini nje ya hiyo karatasi kulikuwa na paa lililotokeza mbali, veranda ya mbao, na mlango mwingine wa mbao wa kuteleza unaofungwa usiku na wakati wa dhoruba. Unaitwa amado. Maana yake ni mlango wa mvua. Mtu anayelala nyuma ya karatasi ameipa mvua mlango wake.

Sasa unaanza kuona kinachonikera. Kila mahali mlango huu ulizaliwa, ulizaliwa na familia yake: paa la kutokeza, vibao, kizingiti, ngazi. Kisha watu wa mbali wakauona kwa picha, na picha haionyeshi mvua.

Karne ya 20 ndiyo ilieneza hii maneno. Mwaka wa 1959 kampuni ya Pilkington ya Uingereza ilitangaza njia mpya ya kutengeneza kioo: unamimina kioo kilichoyeyuka juu ya bati lililoyeyuka, kinaelea na kujilainisha chenyewe pande zote mbili, bila kusuguliwa. Kabla ya hapo kioo kikubwa kisicho na mawimbi kilikuwa cha matajiri. Polepole ukuta mzima wa kioo ukawa kitu cha kawaida. California tayari walikuwa wanajenga nyumba zilizofunguka hivyo kwa bustani, na milango mikubwa ya kuslaidi, na magazeti na sinema zikazipeleka dunia nzima. Kusini mwa California miezi mingi hainyeshi kabisa. Mlango ukikosea huko, unasamehewa.

Vancouver haisamehe. Huo mji wa Kanada unapata zaidi ya milimita 1,000 za mvua kwa mwaka. Miaka ya 1980 na 1990 walijenga fleti nyingi sana za sura ya California na Mediterania: kuta laini za plasta, paa zisizotokeza, balkoni nyingi, milango ya kioo. Mvua ikaingia pembeni mwa madirisha na milango, ikaingia pale balkoni zinakutana na ukuta, ikakaa ndani ya kuta zilizofungwa vizuri sana kiasi kwamba hazikuweza kukauka. Mbao zikaoza ndani huku nje ukiona rangi safi. Mwaka wa 1998 serikali ya jimbo ilimpa waziri mkuu wake wa zamani, Dave Barrett, kazi ya kuchunguza. Alisikiliza watu waliokuwa wamenunua nyumba yao ya kwanza na sasa wanadaiwa pesa za ukarabati ambazo hawana. Majengo mazima yalifunikwa maturubali yakivuliwa kuta.

New Zealand wakarudia mtihani huo huo. Sura ya Mediterania tena, paa bila kutokeza tena, na kuanzia 1998 wakaruhusu mbao za ndani ya ukuta zisizotiwa dawa. Ripoti ya kwanza kubwa ilitoka 2002. Mwaka wa 2009 makadirio yaliyofanyiwa serikali yalikuwa nyumba kama 42,000 zimeharibika, na gharama ya dola bilioni 11.3 za huko. Nilisoma hiyo namba mara mbili. Kwa sababu ya maji yanayopita penye ukucha haupiti.

Nchi zote mbili ziligombana juu ya jambo moja: nani analipa? Mjenzi anasema alifuata ramani. Msanifu anasema fundi alikosea. Halmashauri inasema ilikagua kwa macho tu. Kampuni iliyojenga imeshafungwa na kufunguliwa kwa jina lingine. Mwenye kubaki pale na ndoo ni yule anayeishi ndani. Na hao ni watu wenye hati ya nyumba. Sasa mpangaji?

Kitu kimoja kinauma zaidi: jibu lilikuwa limeandikwa zamani. Mwaka wa 1963 mtafiti wa Kanada, G. K. Garden, alitoa karatasi fupi ya serikali kuhusu vile mvua hupenya kwa jengo. Alisema vitu vitatu lazima vikutane: maji, tundu, na nguvu ya kuyasukuma. Hiyo nguvu inaweza kuwa kasi ya tone lenyewe linalorushwa na upepo, uzito wa maji yanayoteremka, tofauti ya msukumo wa hewa kati ya nje na ndani, au ule ujanja wa maji kupanda kwenye ufa mwembamba. Huo wa mwisho chovya kona ya mandazi kwa chai uone vile chai inapanda yenyewe. Huwezi kuzuia mvua, na matundu yote huwezi kuyaziba milele, kwa hivyo jengo zuri linakubali kwamba maji kidogo yatapita ngozi ya kwanza na linayapa njia ya kutoka.

Hii ya kuyapa njia ya kutoka nilikuja kuielewa kwa bei ghali, kwa sababu kuna sehemu ya pili.

Baada ya Aprili nilipiga kelele sana, na Julai mwenye nyumba akabadilisha mlango. Nikafurahi. Akaweka wa kuslaidi, fremu ya alumini nyeusi, kioo kizima. Nikafanya mpaka video, mliiona. Novemba, mvua ya vuli, maji yakarudi. Safari hii hadi diski mpya ilikuwa juu ya kabati, lakini mbao za sakafu zilivimba zikainuka kama mgongo wa paka.

Nikamtafuta fundi mmoja mzee wa alumini anayefanya kazi karibu na steji yetu. Nikamwambia, "Fundi, sina pesa ya kutengeneza, nataka tu kujua." Akacheka, akasema, "Kujua ni bure kijana, nauli ndiyo si bure." Nikamlipia pikipiki.

Hakugusa kioo. Alipiga magoti kwa balkoni na kuangalia reli ya chini. Akanionyesha upande wa nje wa fremu, pale chini kabisa, kuna vitundu vidogo vilivyokatwa kiwandani. Reli ya mlango wa kuslaidi ni kama sinki. Mvua ikipiga kioo, inateremka na kujaa ndani ya reli, hilo linajulikana, na hivyo vitundu ndivyo vya kuitoa nje. Vyote vilikuwa vimezibwa kwa silikoni. Keateka alikuwa ameona vitundu, akafikiria ndipo maji yanaingilia, akaziba vizuri kabisa kwa mkono wake. Kwa hivyo sinki ikajaa, na upande uliokuwa chini zaidi ulikuwa wa kwangu.

Halafu akamwaga chupa ya maji kwa sakafu ya balkoni. Maji yalitulia kidogo, yakafikiria, kisha yakaja kwetu. Taili zilikuwa zimeinama kuelekea nyumba. Tena balkoni na sebule zilikuwa usawa mmoja, hakuna hata kidole cha kushuka. "Hata ungeweka mlango wa benki," akasema, "maji yangekuja."

Nikamuuliza angefanyaje. Alisema kwanza angeshusha balkoni, au angeinua kizingiti, na kuinamisha sakafu iende nje kwa bomba. Pili, kabla ya fremu kukaa, chini yake angelaza trei ya bati au plastiki iliyokunjwa kwa nyuma na pembeni, mbele ikiwa wazi. Maji yoyote yanayopita fremu yanaangukia kwa trei na kurudi nje. Tatu, silikoni angeweka pembeni na juu, na chini kwa mbele angeacha wazi ili trei ipumue. Fundi wengi huzungushia silikoni pande zote nne kama keki, na hapo wamefungia maji ndani. Nne, kapaa kadogo juu ya mlango, na raba zibadilishwe zikikauka kwa jua. Na kabla ya kubandika taili yoyote, ndoo ya maji. Ukiona kavu baada ya saa moja, endelea.

"Hiyo trei ni ngapi?" nikamuuliza. Akasema kwa mlango kama wangu ni pesa ya chakula cha mchana cha watu wawili, si zaidi. "Lakini ikishafunikwa hakuna mtu anaiona, kwa hivyo hakuna mtu anailipa."

Nimeshafikiria hiyo sentensi mara nyingi. Mlango wa kioo unaonekana kwa tangazo, na kwangu ulikuwa na bei: elfu tatu kwa mwezi. Trei haina picha. Kenya imeishi na sheria ndogo za ujenzi za 1968 kwa zaidi ya nusu karne kabla ya kanuni mpya za 2024, na katika hiyo nusu karne fleti zimeota Ruaka, Kitengela, Ruiru, Syokimau, kila moja na balkoni yake. Zile bangalo za zamani za wakoloni zilikuwa na veranda pana na mabati yaliyotokeza. Mlango wa kioo ulikuwa umejificha ndani kabisa. Sisi tumechukua mlango na kuacha veranda, kwa sababu veranda inakula ploti. Na hii ni Nairobi, wasee. Jina lenyewe limetoka kwa Kimaasai, enkare nairobi, maji baridi. Mgongo wangu ulikuwa umeambiwa mapema.

Nilirekodi fundi akimwaga ile chupa, nikatuma kwa mwenye nyumba. Tiki mbili za buluu. Kimya. Januari nilihama, na dipoziti yangu ilikatwa yote kwa sababu ya "uharibifu wa sakafu uliofanywa na mpangaji." Bado naifuatilia. Nimeandika barua yenye picha za vitundu vilivyozibwa, na fundi amekubali kusema alichoona mtu akimuuliza. Kama wewe pia uko na kesi kama hii, piga picha ya reli, piga video ya maji yakitembea, andika tarehe, na usizibe chochote mpaka umepiga picha.

Hadi diski ya kwanza iko kwa msee mmoja wa kuokoa data mtaani. Ametoa video kadhaa. Ya shosho imetoka vipande: picha imekatika, sauti ipo dakika kumi na moja. Kwa hizo dakika anaongea kuhusu vile mama yake alijenga nyumba upya baada ya kuhamishwa, usiku na mchana, askari wakisimama hapo. Anasema kabla ya kuweka mti wa kwanza, mama yake alingoja mvua moja inyeshe, akasimama pale kwenye kiwanja akiwa amelowa, akiangalia maji yanaenda upande gani. Halafu akachimba mtaro. Kisha sauti inakatika.

Keja yangu ya sasa iko orofa ya pili. Siku ya kuiangalia, kabla ya kulipa chochote, nilimwomba keateka ndoo ya maji. Akaniuliza kama mimi ni mganga. Nikamwaga yote kwa balkoni, nikakaa chini nikaangalia simu yangu kwa saa nzima, naye amesimama mlangoni na funguo, akihema. Sebule ilibaki kavu. Mlango ni wa bati, wa kawaida, hauna mwanga wowote wa maana, na kizingiti chake ni kirefu mpaka wageni wote hujikwaa.

Nimenunua taa ya kurekodia.